Chaki za Bei Kwenye Puli: Zilinganishe Mwenyewe Kabla Hujatoa Pesa

Kila nikicheza puli pale Kisauni, Mombasa, lazima aje mtu aniulize, "kakangu, hio chaki yako ni gani, na mimi nikiinunua ntaweza kuirudisha nyeupe namna hio?" Nyeupe ni ule mpira mweupe unaougonga kwa stiki. Nikivuka feri kwenda Likoni swali ni lile lile, Mtwapa lile lile, na juzi binti mmoja wa Mikindani alinisimamisha stejini akiwa na mfuko wa stiki begani, yuwataka kujua kama pesa alizoweka anunue chaki ya bei ama abadilishe kwanza tipu, ile ngozi ya kwenye ncha ya stiki. Wengi ni watu wanaoanza, ndo kwanza wamepata stiki ya kwao, wameona video ya mchezaji mkubwa anapaka kijichaki cha dola thelathini wakaona siri iko mle. Nimejibu kwa mdomo mpaka basi, leo nnaandika yote, nikiulizwa tena ntatuma hii.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usije ukasoma ukingoja jengine. Chaki haileti spini, yaani ule mzunguko wa mpira. Spini inatoka pale ulipougonga mpira na vile mkono wako ulivyokwenda, chaki kazi yake ni moja tu, kuizuia tipu isiteleze. Ukiwa na chaki mbili na zote zimeshika, nyeupe itazunguka sawa, iwe moja ni ya bob mia na ya pili ni ya elfu tatu na zaidi. Tofauti unayolipia iko kwengine: inakaa mipigo mingapi kabla upake tena, inachafua kiasi gani, na inavumilia vipi hewa yetu hii ya chumvi na jasho. Haya matatu hakuna mtu wa Ulaya anaweza kukupimia, manake hachezi kwenye baa ya makuti mita mia kutoka baharini. Lazima upime mwenyewe, na kupima kuna namna yake.

Kwanza ujue unapima nini

Chaki ya puli si chaki ya mwalimu. Ile ya darasani ni jasi laini, inatoka unga, haina meno. Hii yetu ilianza na Wamarekani wawili, William Spinks aliyekuwa mchezaji wa biliadi na William Hoskins mkemia wa Chicago, hati yao ya uvumbuzi ilitoka tarehe 9 Machi 1897. Walichanganya silika, yaani kitu cha jamii ya mchanga, na korandamu ambayo ni madini magumu yale yanayotengenezewa msasa, wakagandisha pamoja. Chembe hizo zinakaa kwenye ngozi ya tipu na ndizo zinazoshika mpira, na zina muda mdogo sana wa kufanya kazi, tipu na mpira vinagusana kama sehemu moja au mbili za elfu ya sekunde tu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitumia chokaa ya kawaida na hata kusugua tipu ukutani. Hii ya ukutani bado naiona huku kwetu chaki ya baa ikiisha, na namsihi kila mtu aache, plasta inakula ngozi ya tipu bure na haishiki kitu.

Majina utakayoyasikia sana ni manne. Master ni ya kampuni ya Tweeten ya Chicago, ndio ile ya kawaida iliyoenea dunia nzima, huuzwa boksi la vipande 12 au 144 na ukinunua boksi kipande hakifiki hata dola moja. Blue Diamond ni ya Longoni wa Italia, hukaa viwili kwenye boksi, bei yake iko katikati. Kamui ni ya Japani, ina aina zenye namba kama 0.98 na 1.21, na kuna Roku yenye pande sita, maana roku kwa Kijapani ni sita. Taom ni ya Finland, ilipata jina kwanza kwa wachezaji wa snuka alafu watu wa puli wakaichukua, wana V10 na Pyro. Hizi mbili za mwisho kipande kimoja huzunguka dola 20 mpaka 30, na hapo hujalipa usafirishaji wala ushuru.

Kwa sifa zinavyojulikana, Kamui inaganda nene kwenye tipu na inakaa sana lakini inaacha alama kwenye nyeupe na kwenye vidole, Taom inasifiwa kwa usafi, Blue Diamond iko kati na kati. Hizo ni sifa za watu. Wewe sasa unakwenda kuona kwenye tipu yako.

Utakavyohitaji

- Stiki yako moja, ile ile mwanzo mpaka mwisho. Ukibadilisha stiki katikati umeharibu kila kitu.
- Chaki mbili au tatu, na moja kati yao lazima iwe ya kawaida. Usipokuwa na ya kawaida huna cha kupimia. Kama huna uwezo wa kununua zote, tafuteni watu watatu kila mtu aje na yake, sisi tulifanya hivo.
- Msasa mwembamba, kipande kidogo tu.
- Vitambaa viwili laini vya kufutia miwani au simu. Kimoja cha tipu, kimoja cha mipira, usichanganye.
- Daftari na kalamu. Ukitegemea kichwa, ile chaki uliyoilipia pesa nyingi ndo itashinda.
- Simu yenye kamera ya kupunguza kasi, kama unayo.
- Rafiki mmoja mwenye subira.
- Meza kwa saa mbili. Nenda asubuhi ya saa nne au saa tano, baa ikiwa imefunguliwa na hakuna watu, ongea na mwenye meza vizuri mkubaliane bei ya saa badala ya kutia sarafu kila mchezo. Wengi hukubali, saa hizo meza imelala tu.

Hatua za kazi

1. Tengeneza tipu kwanza, kabla hata ya kufungua chaki.

Hapa ndo nataka utulie maana nusu ya watu wanaolalamikia chaki shida yao iko hapa. Itazame tipu kwa upande. Iwe na mviringo kama ukingo wa sarafu ya shilingi tano, isiwe bapa kama kichwa cha msumari, na isiwe imetanuka ikazidi ile pete ya shaba au nyeupe iliyo chini yake. Alafu itazame kwa juu. Kama inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, hakuna chaki duniani itakaa hapo, chembe hazina pa kushika. Pitisha msasa kidogo, mara tatu nne tu, mpaka uone uso umefifia na ngozi imesimama. Usisugue kwa hasira, ngozi ikishaondoka hairudi.

Kama tipu imebaki nyembamba kama ganda la korosho, ama imekauka ikapasuka ukingoni, simamisha zoezi ukabadilishe tipu. Yule binti wa Mikindani nilimwambia hivi hivi: tipu mpya ya ngozi nzuri na chaki ya kawaida itakupeleka mbali kuliko tipu iliyokufa na chaki ya Japani. Nakwambia nimeona mtu anatoa elfu tatu na mia tano ya chaki huku tipu yake imekuwa gumu kama kifuu, akaendelea kuteleza vile vile, roho iliniuma.

2. Ziba mashimo.

Meza zetu nyingi ni za sarafu, mpira ukiingia umekwenda, nyeupe tu ndo inarudi. Ukifanya mazoezi mipira ikamezwa utalipa tena na tena. Muombe mwenye meza afungue kwa ufunguo, ama kila shimo tia fulana kuukuu iliyokunjwa. Muombe, usijifanyie, kuna watu hawapendi kabisa kuona vitu vimetiwa kwenye mashimo yao.

3. Safisha mipira.

Futa nyeupe na mipira mingine miwili mitatu mpaka usione doa. Kitambaa kikiwa na unyevu kidogo ni sawa lakini malizia na kikavu. Mipira ya baa hubeba mafuta ya viazi karai na bia, na mpira wenye mafuta huteleza wenyewe, alafu lawama inakwenda kwa chaki.

Hapo hapo kuna jambo la kujua. Alama ya chaki ikibaki kwenye nyeupe, na kwa bahati mbaya ikaangukia pale pale nyeupe inapougusa mpira unaoupiga, msuguano unazidi na ule mpira unatoka nje ya njia yake, wakati mwengine nyeupe inaruka kidogo pia. Ndo yale mapigo unayoapa ulilenga sawa na mpira ukakataa. Kwa hivyo usafi wa chaki si urembo.

4. Fungua uso wa chaki, alafu jifunze kupaka.

Chaki mpya, hasa ngumu, huja na uso laini wa kiwandani. Upitishe msasa kidogo ama usugue mpaka uone rangi inashika kidole. Bila hivo utapaka na hakuna kitakachohamia kwenye tipu, na utasema umeuziwa feki.

Kupaka ni kama kupaka rangi ukuta. Shika stiki imelala mshazari, pitisha chaki juu ya tipu kutoka ukingo mmoja mpaka mwengine, huku ukiizungusha stiki polepole kwa mkono wa pili. Alafu tazama. Unataka utando mwembamba uliofunika kote, katikati na kwenye kingo. Kingo ndizo muhimu zaidi manake ukipiga pembeni ya mpira ni ukingo wa tipu unaogusa.

Kosa kubwa la kila anayeanza: kutia tipu ndani ya chaki na kuizungusha kama anatoboa. Chaki inatoboka shimo, rangi inakwenda kwenye pete, na juu ya tipu kunabaki kipara. Na chaki ya bei ukiitoboa umeimaliza nusu ya umri wake kwa wiki moja. Kosa la pili ni kujaza, mtu anapaka mpaka kuna kilima juu ya tipu. Zile za kuganda nene zinataka mpito mmoja au miwili tu, zikizidi zinamwagika kwenye kitambaa. Ngumu kavu zinataka mipito myepesi minne mitano. Kila moja ipe siku moja ya kuizoea kabla ya kuipima, ukiipima kabla hujajua kuipaka umeionea.

5. Mtihani wa kushika.

Chukua mpira wenye mstari mpana, utumie badala ya nyeupe. Uweke mstari ukiwa umelala usawa kama mkanda kiunoni, ukikutazama. Ukingo wa chini wa ule mstari uko karibu na mpaka wa mwisho wa kupiga bila kuteleza, na mpaka wenyewe ni karibu nusu ya umbali kutoka katikati ya mpira kwenda ukingoni. David Alciatore, aliyekuwa profesa wa uhandisi wa Colorado State University ya Marekani, anayejulikana sana kwa masomo yake ya fizikia ya puli, ameuelezea sana mpaka huu. Kwa mipira ya Kimarekani ya milimita 57 inakuja kama milimita 14 kutoka katikati, kwa mipira yetu midogo ya baa ni kama 12 tu. Ukipita hapo utateleza na chaki yoyote ile, hata ukapaka dhahabu. Kama meza yako ina mipira myekundu na ya manjano tupu isiyo na mstari, tumia nyeupe, alama ya chaki itakuonyesha ulipogonga.

Sasa paka chaki, piga mpira chini ya katikati kwa nguvu ya kawaida, angalia alama iko wapi. Paka tena, shuka kidogo. Paka tena, shuka tena. Fanya hivo mpaka uteleze, andika ni wapi. Kila chaki mara tano. Ntakwambia utakachoona ili usishangae: kama tipu yako ni nzima na umepaka vizuri, chaki zote za maana zitafika karibu sawa. Hapo ndo utaelewa kwa nini nimesema spini haiko kwenye boksi. Chaki ikianguka kwenye mtihani huu, yaani inateleza mapema mara tatu kati ya tano huku nyengine hazitelezi, itoe kabisa, usihangaike na hatua zinazofuata.

Onyo la kitambaa: ukishuka chini sana ukainua stiki nyuma, unaweza kuchana kitambaa cha watu. Stiki iende karibu na kulala, na mwanzo piga kwa upole.

6. Mtihani wa kukaa.

Huu ndo moyo wa zoezi lote, usiufanye kwa haraka.

Paka mara moja, vizuri. Alafu piga bila kupaka tena, mpigo baada ya mpigo, kila mpigo ule ule: nyeupe umbali wa stiki moja hivi kutoka kwa mpira wa pili, piga chini kidogo ya katikati, kama nusu ya safari ya kwenda kwenye ule mpaka, ujaribu kuirudisha nyeupe. Usitumie nguvu za kuvunja. Rafiki yako ahesabu kwa sauti. Ukisikia ule mlio mbaya wa kuteleza, ama nyeupe ikienda upande bila sababu, simama uandike namba. Ukifika mipigo 15 bila kuteleza simama pia, inatosha, andika 15, manake kwenye mchezo wa kweli hakuna anayekaa mipigo 15 bila kupaka.

Ukimaliza futa tipu kavu kwa kitambaa, pitisha msasa mara moja kwa wepesi kutoa mabaki, nenda chaki ya pili. Mabaki ya chaki ya kwanza yakibaki chini unapima mchanganyiko. Maji usiguse, ngozi ikinywa maji inavimba.

Mpangilio wake uko hivi: duru ya kwanza anza na A, B, C. Duru ya pili anza na C, B, A. Ya tatu B, A, C. Sababu ni kwamba mkono huwa baridi mwanzo na umechoka mwisho, na chaki ikikaa nafasi moja siku zote itabeba lawama au sifa isiyokuwa yake. Fanya duru tano kama una muda, tatu zikiwa chache zaidi.

Tofauti ikiwa ni mpigo mmoja au miwili, hesabu ni sare. Usinunue kitu kwa tofauti ya mpigo mmoja. Lakini moja ikiwa inakufikisha nne na nyengine inavuka kumi kila duru, hapo umepata kitu cha kweli, na mtu anayesahau kupaka wakati wa presha atafaidika nacho.

7. Angalia uchafu.

Futa nyeupe tena. Paka, piga kumi, hapa unaruhusiwa kupaka kila mpigo kama kwenye mchezo. Alafu hesabu alama kwenye nyeupe. Zifute kwa kitambaa kikavu, angalia ni ngapi zinatoka kwa mpito mmoja na ngapi zinang'ang'ania. Tazama kitambaa cha meza pale ulipopigia. Tazama vidole vyako, na kanzu ama shati lako jeupe kama ni Ijumaa.

Rangi nayo ichague kufuata meza unayocheza zaidi, kitambaa cha kijani na chaki ya kijani, buluu na buluu. Mwenye meza atakupenda na siku ya pili atakupa saa mbili zako bila maneno.

8. Rudia bila kujua ni ipi.

Watu hii wanairuka na ndo inayofichua ukweli. Wewe geuka, rafiki akupakie yeye, akupe stiki, upige duru moja ya hatua ya sita ukitazama mpira wala si tipu. Yeye aandike ni chaki gani. Tulipofanya sisi watatu pale Kisauni, jamaa aliyekuwa akiapa kwamba anaisikia chaki yake ya bei "inauma mpira" alishindwa kuitambua mara zote, na ni mchezaji mzuri sana, ni vile tu bei inaingia kichwani mwa mtu na inakaa. Ukijua hilo utanunua kwa akili.

9. Ijaribu jioni yenye unyevu.

Asubuhi ndani ya chumba chenye eyasii (AC) kila chaki ni nzuri. Ipeleke sasa usiku kwenye meza ya wazi, hasa mwezi wa nne na wa tano mvua za masika zinapopiga, uone. Chaki ikinywa unyevu inakuwa kama keki, inaganda vipande kwenye tipu badala ya kutandaa. Mfuko wa suruali ni adui, jasho linaingia mle. Mimi kila chaki iko kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, pamoja na zile pakiti ndogo za kukausha zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Hii ni bure na imenisaidia kuliko kubadilisha kampuni. Cheza wiki nzima na chaki moja, wiki ya pili nyengine, alafu ndo uamue.

Kuhusu kununua

Feki ziko, na za majina makubwa ndo zaidi. Niliwahi kuletewa kijichaki kwenye boksi zuri kabisa, nikalipa kama ya kweli, kufungua kinanuka rangi ya ukutani na kinamomonyoka kama mkate wa jana. Muuzaji hakurudisha pesa. Tangu siku hio silipi mpaka nimeifungua mkononi, nimeisugua kwa kidole, na kama kuna mtu naye ana ya kweli nazilinganisha uzito na maandishi. Bei ikiwa chini mno kuliko nje, ambako ndo inatoka, jiulize ushuru nani alilipa.

Kwa anayeanza ushauri wangu ni boksi la chaki ya kawaida iliyo ya kweli na tipu nzuri. Ukishafika mahali unacheza mashindano, unajua mkono wako, na daftari lako limekuonyesha tofauti ya kweli kwenye kukaa au usafi, nunua ya bei kwa moyo mweupe, kipande kimoja ukitunza kinakaa muda mrefu sana.

Mambo yakienda kombo

*Nateleza hata na chaki mpya ya bei.* Rudi hatua ya kwanza, tipu. Ikiwa tipu ni sawa, muombe rafiki akurekodi polepole utazame kama unainua kifua au kiwiko kabla ya kugonga, kichwa cha stiki kikishuka mwisho unagonga chini kuliko ulivyolenga na unavuka mpaka.

*Nateleza nikipiga pembeni tu, katikati niko sawa.* Kingo za tipu hazina chaki. Zungusha stiki unapopaka, alafu tazama kwa macho kila mara.

*Chaki haishiki tipu kabisa.* Uso wa chaki haujafunguliwa ama tipu inang'aa. Msasa kwa vyote viwili. Kama ni poda ya mikono imeingia kwenye tipu, futa kavu kisha upitishe msasa kidogo, poda na chaki haviishi pamoja.

*Inamwagika kama unga kwenye meza.* Unajaza sana, ama imeshanyonya unyevu. Punguza mipito, itie kwenye kikopo na pakiti za kukausha siku mbili tatu. Ikiendelea baada ya hapo iache.

*Nyeupe ina madoadoa hayatoki.* Hayo ni ya miezi, si ya chaki yako ya leo. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha vizuri kabla ya kurudisha mezani.

*Matokeo yangu yanapingana, leo A inashinda kesho B.* Basi kwako wewe A na B ni sawa, chukua ya bei nafuu.

*Chaki yangu inapotea.* Hili linauma kuliko yote. Kwenye baa chaki ikiwekwa ukingoni mwa meza ni ya kila mtu, hata asiyekuwa na nia mbaya ataitumia, ataitoboa, ataondoka nayo mfukoni bila kujua. Kuna vishikizo vya sumaku vya kuvaa mkandani, na fundi viatu yeyote wa Mwembe Tayari atakushonea kijifuko cha ngozi chenye kamba. Ya bei ikae kiunoni kwako, na ya kawaida iache pale mezani, uso ukitazama juu isichafue ubao, wenzako watumie.